Diski Haisomi Wifi Akiwepo

Diski ilikuwa na joto kabla haijachomekwa popote.

Mama Picha, kama walivyomwita kwa kazi yake ya kurekodi na kuhariri video za harusi, aliipindua kiganjani akadhani labda ilianikwa juani. Lakini ndiyo kwanza ilitoka kwenye bahasha, na bahasha ilitoka kabatini. Joto lake lilikuwa la kitu kilichoshikwa muda mrefu mkononi mwa mtu. Akaiunganisha na laptop. Taa ndogo ya buluu ikawaka, ikazimika. Kwenye skrini hakikutokea kitu.

"Haisomi," alijisemea.

"Nini haisomi?" Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kufutia vumbi mkononi.

"Hakuna kitu, wifi."

Ndani ya diski ile mlikuwa na harusi nzima ya binti mmoja wa mtaa wa pili, na ndani ya harusi hiyo alikuwemo mama yake. Siku ile mama alikuwa tayari mgonjwa. Alicheza akiwa ameketi. Aliposhindwa kabisa kuinuka kitandani, Mama Picha aliwaazima diski ili mgonjwa ajionee sherehe ya mwanawe hata kabla video haijahaririwa. Akafa ikiwa imechomekwa kwenye televisheni mbele ya kitanda chake. Walipoirudisha baada ya mazishi, nakala nyingine haikuwepo, kwa maana kadi za kamera zilikwisha kufutwa kwa kazi nyingine. Bibi harusi hakugomba. Alipiga simu tu, kila mara kwa sauti ile ile ya chini: "Dada, nataka nimsikie mama akicheka. Basi."

Mama Picha alianza kumshuku wifi yake. Mwanamke yule alihamia pale baada ya kuachana na mumewe, na sababu hakuisema hata kwa kaka yake, dereva wa malori ambaye wakati huo alikuwa safarini. Kila laptop ilipofunguliwa, wifi alikuwa karibu. Kila diski ilipokataa, pale mezani palinuka dawa ya kuchua na shuka za mgonjwa. Na nani mle ndani alikuwa na chupa ya dawa ya kuchua, kama si yeye? Kikulacho ki nguoni mwako.

Akaipeleka kwa fundi kompyuta. Fundi alibadilisha waya kwanza, akieleza kuwa nyaya nyingine ni za kuchajia tu, hazipitishi mafaili. Akarudisha waya wa mwanzo. Akajaribu tundu la kushoto, akajaribu la kulia. Kote ikasoma.

"Laptop yako, waya wako, diski yako," alisema. "Tatizo liko wapi?"

Nyumbani ikakataa tena.

Fundi, ambaye hakupenda kushindwa na kitu chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, akaja mwenyewe mchana na begi lake.

"Kazi yetu haina uchawi, dada. Unabadilisha kitu kimoja, vingine unaviacha. Hebu zima wifi, tuone kama ni mtandao unaoingilia."

"Wangu hazimiki," Mama Picha alinong'ona, akielekeza kidevu sebuleni. Wakacheka kwa kujibana.

Mara wifi akatoka kwenda kuanua nguo. Taa ya buluu ikatulia, na folda za harusi zikajipanga kwenye skrini. Aliporudi na beseni lake, zikapotea.

Fundi aliacha kucheka. Akamwomba wifi, kwa adabu, maji ya kunywa. Alipokwenda jikoni, diski ikasoma. Alipoingia na glasi, ikafa. Maji yale fundi hakuyanywa. Alifunga begi lake.

"Laptop nzima, diski nzima," alisema akiwa amekwisha fika mlangoni. "Yaliyobaki ni ya ndani ya nyumba yenu."

Mama Picha aligeuka. "Umefanya nini kwenye kazi yangu?"

"Wifi, usinifukuze. Niache nikae hapa hapa. Harufu hiyo naijua."

"Ni dawa yako ya kuchua!"

"Chupa hiyo sijaifungua tangu nije."

Lakini moyo ulioshika shuku hausikii. Jua halijashuka, wifi akabeba mkoba wake kwenda kwa shangazi yake, mtaa wa nyuma. Hakulia. Alichosema ni, "Ikikushinda, nifuate."

Kesho yake diski ilisoma vizuri ajabu. Mama Picha alifanya kazi asubuhi nzima akiimba. Mama wa bibi harusi alikuwa pale, meza ya mbele, akicheza mabega kwenye kiti na kucheka mpaka machozi. Mchana akafika kwenye kipande cha kukata keki. Kiti cha mama kilikuwa kitupu. Akarudisha nyuma, akatazama tena, na safari hii mama alikuwepo, ila amesimama, katikati ya ukumbi, na watu wakipita kando yake bila kumwona, na Mama Picha akarudisha tena, na mama akawa karibu zaidi, hatazami keki wala mwanawe bali anatazama huku, kwenye kamera, kwenye chumba, na muziki ukafifia na harufu ya shuka za mgonjwa ikapanda kama mtu aliyefunua blanketi, hadi uso ule ukajaza skrini nzima na midomo ikasogea polepole, na kwenye spika ikatoka sauti ya mtu anayechungulia:

"Yule mwanamke ameondoka kweli?"

Mama Picha alikimbia bila viatu mpaka kwa shangazi. Wifi alimkuta getini, akamshika mabega.

"Limeuliza juu yangu?"

"Limekuulizia. Wifi, nisamehe. Nilidhani ni wewe."

"Hata mume wangu alidhani ni mimi. Ndoa yangu ilivunjwa na jini kama hilo. Lilinikaa mwilini hadi mganga alipolitoa, na maneno aliyolitolea akanifundisha. Tangu hapo yakiniona yanajibanza, yanakaa kimya."

"Kwa hiyo diski haikuwa inakukataa."

"Ilikuwa inanikimbia. Twende tukaivunje."

Mama Picha hakuondoka. "Mama wa watu yumo mle. Yule wa kweli. Mwanawe hana kingine."

Wifi alifikiri. Yeye akiingia, haisomi. Yeye akikaa nje, inasoma, ila si peke yake. "Basi nakili upesi," alisema. "Nitasimama uani. Likikusemesha usijibu, hata likikuita kwa sauti ya mama yako mzazi."

Mstari wa kunakili ulisogea kama konokono. Sauti ikaanza, ya upole, ikiuliza chumba cha kulala ni kipi, ikiuliza dereva anarudi lini, ikasema miguu yake ina baridi na imechoka kulala kwenye kisanduku kidogo hivi, ikaomba asogezwe kidogo tu kitandani, na Mama Picha aliuma ncha ya kanga yake huku machozi yakimdondoka kwenye kibodi, mpaka mstari ukajaa.

"Wifi!"

Wifi aliingia mbio, akaifunika diski kwa kiganja kabla taa haijazimika. Akainama, akasema maneno yake kwa kunong'ona. Laptop ilifunikwa, lakini spika zilipiga kelele kama mtoto aliyeungua. "Taja jina!" Likataja, jina ambalo Mama Picha hakulirudia maishani. "Sasa toka!"

Mlango wa mbele ulifunguka wenyewe, taratibu, kama unavyofunguliwa na mgeni anayeaga. Diski ikawa baridi. Wakaivunja kwa nyundo, wakakaa sakafuni wameshikana mikono.

Nakala ilikuwa safi. Mama alikuwa kwenye kiti chake, akicheka. Asubuhi Mama Picha alichukua simu ampe bibi harusi habari njema, lakini kabla hajabonyeza, ikaita.

"Dada, nakuja kuchukua video," alisema bibi harusi kwa furaha. "Mama ameniambia imekamilika."

"Mama gani?"

"Mama yangu. Alikuja jana, amelala chumbani kwangu. Miguu yake ina baridi sana."

Mama Picha alimtazama wifi yake. Wifi alikuwa amesikia kila neno, na uso wake ulikuwa umepauka.

"Nililiuliza jina," alisema, huku akitafuta viatu vyake. "Sikuliuliza linakwenda wapi."