Kushoto kwa Mwenye Mwili

Aliyejibu swali siku ile hakuwa mwanafunzi. Mwalimu wa anatomia aliinua mkono wa maiti akauliza ni wa upande gani. Wanafunzi, waliosimama miguuni pa meza, wakasema wa kulia, kwa kuwa ulikuwa upande wao wa kulia. Mwalimu akawacheka. Hapa kushoto ni kushoto kwa mwenye mwili, akawaambia, popote uliposimama wewe.

"Kushoto," sauti ikaitikia, nzito, ya koo lililojaa makohozi. Hakuna mdomo uliofunguka. Ila chini ya ukali wa dawa ya kuhifadhia maiti ulipanda uvundo wa fizi zilizooza.

Uvundo ule ulimfuata mwalimu nyumbani. Uliingia kwenye mito, kwenye maji ya kunywa, mwishowe kwenye pumzi ya mkewe. Mwanamke yule aliyekuwa akiosha kikombe mara mbili akaanza kucheua ute mweusi wenye nywele, akaumeza tena huku akitabasamu. Jicho lake la kulia lilipofuka utotoni. Lile moja zima sasa halikupepesa. Mwalimu alimpenda mkewe, na alimwonea kinyaa, na aibu ya kinyaa hicho ilimkondesha.

Shemeji yake akamleta mganga, ambaye aliketi ana kwa ana na mgonjwa.

"Jini huyu haachi kuharibu mahali anapopitia kutoka," mganga alinong'ona. "Tumtoe kwa jicho lililokufa."

Akasoma, akafukiza, hata ute ukamwagika mkekani ukatambaa mpaka kwenye vidole vya mwalimu, naye akabana pua na midomo akageukia ukutani, na mganga, akilielekezea kidole jicho bovu lililokuwa upande wa kushoto wake yeye mganga, akaamuru, "Toka kwa jicho la kushoto," na mwalimu, aliyewasahihisha watu neno hilo miaka yote, alilisikia kosa, lakini kusema kulitaka afungue mdomo, na uvundo ulikuwa umejaa chumba, basi akangoja pumzi moja tu ipite.

Kitu kikapasuka kama nyanya iliyoiva mno. Alipogeuka, jicho zima la mkewe lilikuwa likimtiririka shavuni, na ndani ya ujiuji ule kitu cha kijivu kilijivuta nje.

"Kwa mwenye mwili," kikasema. "Si ndivyo ulivyotufundisha, mwalimu?"

Uvundo ukatoweka. Mkewe akapapasa hewani, pumzi yake safi kama zamani.

"Mume wangu," akauliza taratibu, "nani amefunga madirisha?"