Mimi wa Sukari Juu ya Keki ya Harusi

Mchumba wangu alinifinyanga kwa sukari, akanisimamisha juu ya keki ya harusi nimeshikana mkono na mwanamke mwingine, kisha akaacha kupokea simu zangu. Harusi ilikuwa kesho yake. Mimi mwenyewe sikuwa na habari kama naoa.

Nilikuwa nimelala chali nyuma ya friji la bucha, tochi mdomoni, simu ikaita mara moja mfukoni. Ujumbe wake huu hapa:

"Fundi, hongera. Nguo zako ziko kwenye mfuko, dada anazo. Usije dukani. Nina keki ya kumalizia na unajua ni ya nani."

Nikasoma, nikarudia. Sikujua ni ya nani. Mimi natengeneza mafriji, keki nazijua za kula tu. Mpambaji wa keki ni yeye, watu wamezoea kumwita Madoido. Tulijuana siku friji lake lilipokufa katikati ya joto na krimu ikaanza kutiririka mpaka sakafuni. Nililifufua. Baada ya hapo nikawa napita kila mara kuangalia kama linapumua vizuri, mpaka akaniambia, "Fundi, friji ni zima. Sema shida yako." Nikasema. Alicheka sana, lakini alikubali.

Nikampigia. Kimya. Nikapiga tena, kimya. Mwishowe ikapokelewa na dada yake mkubwa, yule anayepanga maboksi pale dukani.

"Shemeji, hebu mpe simu mwenzangu."

"Shemeji wa nani? Mimi na wewe tumemalizana."

"Kwani nimefanya nini?"

"Mwanaume unaoa kesho, leo unaniuliza mimi umefanya nini?"

"Naoa nani?"

"Jamani! Hata mke humjui? Ni wengi kiasi hicho?"

"Dada, mimi niko nyuma ya friji la nyama hapa, sielewi hata kimoja."

"Kaa hukohuko. Mtu kama wewe anahifadhiwa baridini."

Akakata.

Nikatoka mbio. Mwenye bucha akapiga kelele, "Fundi, nyama yangu!" Nikamwambia narudi. Njiani nikawa najiuliza maswali ya kijinga. Niliwahi kumwahidi mtu? Nililewa wapi? Mimi silewi. Kuna mtu alinipeleka kwao bila mimi kujua? Kichwa kilikuwa kama friji lililofunguliwa mgongo, nyaya nyingi na hujui uanze kushika upi.

Duka lake ni chumba kimoja chenye oveni pembeni, meza ndefu, na maua ya sukari yanakauka ndani ya trei za mayai. Nilimkuta ameinama na brashi nyembamba, anapaka rangi jani moja kama vile hakuna aliyeingia. Keki ilikuwa mbele yake. Ghorofa tatu, nyeupe, maua yanapanda ubavuni. Na pale juu kabisa nilikuwepo mimi.

Sisemi alikuwa mtu anayefanana na mimi. Nilikuwa mimi. Upara wangu, kitambi changu, sikio la kushoto lililochomoza. Nimevaa suti ya kijivu. Kwenye mkono wangu ameng'ang'ania bibi harusi, shela mpaka chini, anatabasamu.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Humjui? Jiangalie vizuri."

"Mimi najijua. Huyu mwanamke ni nani?"

"Unaniuliza mimi mkeo ni nani?" Bado hajainua kichwa. "Dada, umesikia?"

"Nimesikia," akajibu dada mtu kutoka kwenye maboksi. "Nashangaa mdomo haumuwashi."

"Madoido, mama, nisikilize. Nani ameagiza hii keki?"

"Bibi harusi. Kwa simu. Akasema wawekwe watu wawili juu, yeye na mzee mmoja, wameshikana mkono, mzee avae suti ya kijivu. Nikaanza na viatu, nikaja suruali, nikaja koti. Uso nauchonga mwisho siku zote. Nilipofungua picha ya uso..." Hapo akainua kichwa. Macho yalikuwa mekundu. "Ile picha nilikupiga mimi! Umesimama hapohapo ulipo, umeshika spana. Picha yako ya profaili. Ameikata spana, amebakiza sura. Hata aibu hamna? Mlikosa picha nyingine?"

"Na jina lake?"

"Ameandika Bibi Harusi."

"Nionyeshe picha yake."

"Picha za wateja simwonyeshi mtu. Unalijua hilo."

"Basi nipe namba nimpigie."

"Nikupe namba ya mkeo? Huna?"

"Sina mke! Hata suti sina!"

"Mwanaume anayeoa hakosi suti. Ataazima."

"Labda sioi. Labda nimewekwa tu."

"Umewekwa tu?" Akaweka brashi chini. "Fundi, nimefanya kazi hii tangu sina hata oveni, nachoma kwa mkaa. Watu wawili juu ya keki ya harusi ni bibi na bwana. Nani mwingine anasimama pale? Mpishi? Mlinzi wa ukumbi?"

Shida yangu ni hii, nikichanganyikiwa mikono ndiyo inaongea. Na yule mimi wa sukari alikuwa ananitazama kwa kicheko cha mtu mwenye mambo yake. Nikaona kama yeye ndiye mwongo, si mimi. Kwamba nikimtoa pale, jambo limekwisha.

"Fundi, usiguse," akasema Madoido.

Nikamshika kiunoni nikamng'oa.

Nilidhani atatoka kama bomba linavyotoka likishalegezwa. Kumbe ndani ya miguu Madoido anatia kijiti kirefu kinachozama mpaka katikati ya keki, ili sanamu isianguke njiani. Kijiti kikatoka na donge la keki na krimu, ghorofa ya juu ikapasuka mpaka ukingoni. Mkono wa bibi harusi ukakatika ukabaki kwenye wangu.

Hata dada mtu aliacha maboksi.

"Ameshafika," akasema kwa sauti ndogo. Alikuwa anatazama nje. "Mwenye keki ndiye huyo anashuka kwenye gari."

"Sawa," akasema Madoido. "Aje amchukue mumewe. Mkononi au kwenye boksi, atachagua."

Akaingia msichana mwembamba, ana rola za nywele kichwani, kajifunga kanga juu. Mimi nimesimama katikati ya chumba, nimejishika mwenyewe, krimu mpaka kwenye kiwiko. Msichana akasimama. Akanitazama mimi kwanza, keki hakuiona. Akanitazama mpaka nikaona haya.

"Shikamoo," akasema polepole.

"Marahaba," nikajibu, ni mazoea tu. Sikumjua.

Madoido akavuka chumba akasimama kati yetu. "Dada, keki yako ilikuwa tayari. Bwana harusi wako amekuja kujing'oa mwenyewe. Mkiwa na ugomvi wenu, mngeumalizia kwenu, si juu ya kazi yangu."

"Bwana harusi gani?"

"Huyu."

"Bwana harusi wangu yuko kwa kinyozi," akasema msichana. "Huyu ni baba yangu."

Nataka niseme ukweli, sikuelewa hapohapo. Niligeuka nyuma kuangalia kama kuna mzee mwingine ameingia.

"Baba yako nani?" nikamuuliza.

"Baba, ni mimi."

Akataja jina ambalo nilikuwa namwita mimi peke yangu, alipokuwa mdogo na meno ya mbele hana. Sitaliandika. Trei ya maua ilikuwa karibu na mkono wangu, nikaiegemea, maua mengine yakasagika, hakuna aliyenikemea.

Lazima nieleze. Nina mtoto mmoja. Mama yake aliniacha akaolewa mbali, akabadili namba, akanifungia mlango, na mimi mwanangu nikabaki naye kichwani akiwa vilevile alivyoondoka, na sare ya shule. Madoido nilimwambia, sikumficha. Lakini kila nikimtaja nilisema "kibinti changu". Na yeye akaelewa kibinti. Alishaanza hata kuulizia anavaa kiatu namba ngapi, akija kututembelea siku moja amnunulie vya kamba.

"Wewe ndiye kibinti?" Madoido akauliza. Sauti ilikuwa imebadilika.

"Ndiyo mimi."

"Mbona baba yako hajui hata kama unaolewa?"

"Mama alisema akija baba, yeye haji. Na aliyenilea ndiye atakayenishika mkono kunipeleka. Nikasema sawa, sitaki ugomvi siku yangu. Lakini keki waliniachia nichague mwenyewe." Akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Namba ya baba haijabadilika. Ninayo siku nyingi. Sipigi, naangalia picha tu."

"Sasa mwanangu, kwenye keki si anawekwa bwana harusi?"

"Bwana harusi atakuwepo mwenyewe, wa sukari wa nini? Nilitaka umweke yule ambaye hatakuwepo."

Dada mtu akavuta kiti akakaa. Alimaliza mwaka mzima ananiita shemeji vizuri, leo tu ndiyo alinitukana, na sasa alikuwa ananitazama kama anayetafuta pa kuyafutia maneno yake.

Madoido alienda mezani akamwinua bibi harusi wa sukari aliyebaki bila mkono. Akamsogeza karibu na dirisha. Kisha akaja akanifungua vidole, akamchukua mimi wa sukari, akawaweka uso kwa uso.

"Pua," akasema. "Tazameni pua. Nimechonga pua moja mara mbili, kwa kijiti kilekile, sikuona. Nilikuwa natazama tu nani kamshika nani." Akamgeukia msichana. "Mama, nisamehe. Mimi tangu juzi nakutukana kimoyomoyo. Hata kiuno nilikuongeza makusudi."

Msichana akacheka huku analia. "Nilitaka kuuliza. Nikasema labda ndivyo nilivyo."

"Na wewe," Madoido akaniambia, "upara wako niliuongeza pia. Huna mkubwa hivyo."

"Mimi niliona uko sawasawa," nikasema.

Tukacheka wote vibaya, kama watu wanaokohoa. Kisha kicheko kikaisha na keki ikawa bado imepasuka.

"Mtengeneze mwingine," nikamwambia Madoido. "Nitakusaidia. Nitakanda, nitafanya chochote."

"Hakauki, Fundi. Mtu wa kusimama anataka siku kadhaa awe mgumu. Nikimsimamisha mbichi, kabla hawajakata keki atakuwa amepiga magoti."

"Basi mrudishe huyuhuyu."

"Umemvunja miguu. Na kichwa umekibinya, hebu mwone."

Nikamwona. Sura ilikuwa imeingia ndani kwa alama ya kidole gumba changu.

Nikamgeukia mwanangu. "Nije mwenyewe, basi. Suti nitaazima. Nitakaa nyuma kabisa, karibu na mlango."

Nilijua jibu kabla hajafungua mdomo, maana macho aliyateremsha kwenye viatu vyangu.

"Baba, usije. Nakuomba. Mama akikuona atanyanyuka, na mimi nataka wote waliokuja wakae. Ndiyo maana nilikuweka pale juu. Pale hakuna ambaye angekufukuza."

"Sawa, mama."

"Usikasirike."

"Sijakasirika."

Madoido akarudi kwenye keki. Ufa akauziba kwa krimu, akamrudisha bibi harusi wa sukari juu, shimo la miguu yangu akalijaza maua ya sukari, makubwa, mpaka yakafika kiunoni kwa bibi harusi. Bega lililokatika akalifunika kwa shela. Alisimama peke yake sasa, amezungukwa na maua. Asiyejua angesema ndivyo alivyokusudiwa. Keki tuliibeba mimi na mwanangu mpaka kwenye gari, kila mtu upande wake wa boksi, yeye anarudi kinyumenyume, mimi namwambia, "Taratibu, kuna ngazi."

Kabla ya kufunga mlango wa gari akamwambia Madoido, "Mama mdogo, mtunze."

"Nitamtunza. Mikono yake ndiyo nitaifunga."

Gari likaondoka. Madoido akabaki ananitazama pale mlangoni.

"Mbona hukuniambia ni mkubwa?"

"Sikujua ni mkubwa."

"Na mimi mbona sikukuuliza, nikakuandikia hongera?"

"Sijui."

"Sijui na mimi." Akanishika mkono wenye krimu. "Ingia ndani unawe. Mfuko wa nguo zako utarudi nao mwenyewe nyumbani kwangu, dada hana nguvu ya kuubeba tena."

Na kweli dada mtu alikuwa amesimama nyuma yake na mfuko wangu, anasema, "Shemeji, chai?"

Nilivyopoteza ni hivi. Friji la bucha lilikwenda kwa fundi mwingine, na mwenye bucha hanisalimii. Madoido ameacha kutengeneza sanamu za watu, kazi iliyompa jina. Wateja wakiomba anawaambia anaweka maua tu. Sanamu moja ya suti ya kijivu, imevunjika miguu na uso. Mkono mmoja wa bibi harusi. Na harusi ya mwanangu, ambayo niliiona kwenye simu, picha moja moja, yeye na mumewe na mama yake na mlezi wake, na keki nyuma yao yenye mtu mmoja juu.