Pini ya Kambare

"Imekatika tena?"

"Imekatika."

"Jamani! Juma lililopita tu nimekuwekea mpya."

Kambare akacheka kicheko chake cha kuomba radhi, akaegemea mlango wa karakana. Fundi hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya injini ya boti, mikono imejaa grisi, na moyoni ana lake jambo.

Mwanamume huyu, mchumba wake, ndiye aliyekuwa akiwapeleka wageni wa wikendi kuvua kwa ndoano kwenye bwawa, pale mto ulipozuiwa kwa ukuta. Wenzake walimbandika jina la Kambare kwa kuwa hakuna kina wala kisiki asichokijua. Na pini, kijichuma kile kinachoshika propela, hukatika tu boti ikigonga kitu kigumu. Sasa mjuzi wa visiki anagonga nini? Na kwa nini kila Jumapili asubuhi, siku anayokataa wageni wote?

"Unagonga wapi?"

"Huko huko majini."

"Majini wapi?"

"Fundi wangu, mbona maswali ya polisi? Niwekee pini, kesho nina safari."

Akaondoka akipiga mluzi. Hapo hapo simu ikaita. Shangazi, aliyemlea tangu mdogo.

"Mwanangu, huyo mtu atatupeleka kwao lini?"

"Anasema tusubiri kiangazi, shangazi."

"Kiangazi! Kwani kwao kunaanikwa? Hana mjomba, hana jirani, hana hata mtu wa kumuulizia. Kesho ikipita kimya, posa yake tunarudisha. Kambare huteleza, mwanangu, na wewe umeshika mkia."

Fundi alikata simu, machozi yakamlenga. Alimpenda yule mtu. Alimpenda mpaka akimwona anashusha boti majini, spana humponyoka mkononi. Lakini wivu nao haupigi hodi. Alichukua pini mpya, akaikereza kwa msumeno katikati mpaka ikabaki nyembamba, akaipachika. Ya akiba akaitoa kwenye kisanduku, akaitia mfukoni.

"Ikigusa kitu tu, imekwenda," alijisemea. "Utabaki hapo hapo na huyo bibi yako, nije niwaone."

Jumapili ikafika. Kambare alipita gatini amevaa shati jeupe la pasi, hana ndoano wala chambo. Shati la pasi, majini! Fundi alimwacha atokomee, akasubiri, kisha akaandika: "Uko wapi?"

Jibu likaja: "Ghuba ya juu. Pini imekatika. Usije, nitajitegemea."

"Usije, eti!" Fundi alisonya. "Leo ndio leo."

Ndipo king'ora cha ukuta kikalia. Mageti yanafunguliwa. Kila mtu pale bwawani anajua maana yake: maji yatavuta kuelekea ukutani, na boti isiyo na injini haina ubishi.

Wivu wote ulimruka. "Mungu wangu, nimemuua mtu!"

Akadandia boti ya uokoaji, akavuta kamba ya injini, akaenda mbio huku akiomba kwa sauti. Alipokata kona ya ghuba, alimwona. Boti imefungwa kwenye ncha ya mti mkavu uliochomoza majini, na Kambare ameketi peke yake, kofia mapajani.

Pumzi zikamrudi. Na wivu nao ukarudi.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo uliyemvalia shati la pasi!"

Kambare akatazama maji. "Yuko chini."

"Chini? Umemfanya nini?"

"Ni mama, Fundi. Mama yangu yuko hapa chini."

Boti mbili zikagongana taratibu.

"Hapa ndipo kwetu," alisema Kambare. "Kabla ukuta haujajengwa. Watu waliambiwa wahamishe makaburi. Baba akakataa, akasema aliyelala hasumbuliwi. Tukahama, maji yakapanda. Naye baba akafia ugenini."

"Na pini?"

"Ukuta wa jiko letu. Kaburi liko ubavuni mwake, nikisogea karibu naugonga. Kiangazi maji yakishuka hutokeza. Nilitaka uone mlango walau, nikuambie mama alikuwa anakaa pale. Sasa hivi ningewaambia nini? Shangazi yako nimkaribishe aketi wapi?"

"Ungeniambia mimi! Nilikuuliza kila siku, ukanijibu kwa mzaha."

"Niliona aibu. Mwanamume asiye na kwao."

Fundi alitoa ile pini ya akiba mfukoni, akaiweka kiganjani mwa Kambare. 

"Iliyokatika niliikereza mimi. Nilitaka ukwame nikufumanie. Kisha king'ora kikalia..."

Kambare aliitazama pini, akamtazama yeye. Uso ulimbadilika.

"Ungeniua, Fundi."

"Najua. Nisamehe."

"Kwa kipande cha chuma."

"Nisamehe. Ukitaka posa yako, nitairudisha mwenyewe."

Kambare akaigeuza pini kiganjani. Halafu akapumua. "Mama aliwahi kumficha baba viatu siku nzima, akidhani anakwenda kwa mwanamke. Kumbe anakwenda kung'oa jino." Akatikisa kichwa, kicheko kikimtoka na machozi. "Mngepatana sana nyinyi wawili."

Fundi akaifunga boti yake kwenye ule mti, akavuka kwenye ya Kambare. Akafuta grisi mikononi kwa upindo wa gauni, akapiga magoti, akainamia maji.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mkweo. Nimekuja kwa fujo, unisamehe na wewe."

Kambare akamshika bega, akalia bila kujificha.

Simu ikaita.

"Haya, Jumapili ndiyo hii," alisema shangazi. "Posa nirudishe?"

"Usirudishe. Nimefika kwao."

"Weee! Umemkuta nani?"

"Mama yake."

"Alaa! Amekupokea?"

Fundi aliitazama pini kiganjani mwa Kambare. Kambare alikuwa tayari anatafuta koleo la kuipachika.

"Amenipokea, shangazi. Njoo na wewe umsalimie. Ila ukifika bwawani, tutakuvalisha jaketi la kuokolea maisha."

"La nini tena, kwenda kwa mkwe?"

"Njoo tu, shangazi. Utaelewa."