Diski Chini ya Kikombe

Mimi ni fundi cherehani. Kila asubuhi nafungua chumba cha mbele, natia uzi kwenye sindano, naanza na mapindo ya sare za shule. Cherehani yenyewe ilikuwa ya mama. Mama alifariki wakati kitinda mimba wetu ana miezi minane. Sasa kitinda mimba huyo ni muuguzi katika mji wa mbali.

Siku moja alinipigia simu nikiwa katikati ya suruali.

"Dada, mama alikuwa na sauti ya namna gani?"

Ningemwambia nini? Nzito? Nyembamba? Hapo nikakumbuka diski ya video. Baba mdogo alimrekodi mama akiwa kwenye cherehani hii hii, wiki chache baada ya kitinda mimba kuzaliwa. Hakuna picha nyingine yenye sauti yake. Mashine yetu ya kuchezea diski iliharibika zamani. Nikaitoa diski kwenye kopo la vifungo. Nikaifuta kwa gauni langu, nikizungusha mkono kama ninavyofuta sahani. Kisha nikaipeleka duka la video, ihamishiwe kwenye flashi.

Baada ya siku tatu mwenye duka alinipa flashi.

"Tayari, mama. Nimekupambia kidogo."

Jirani yangu ni mkutubi. Alinifungulia flashi kwenye kompyuta yake. Mama huyo hapo, midomo inacheza, lakini kinachosikika ni muziki wa disko. Chini ya kidevu chake namba ya simu ya duka inapita, inarudi, inapita tena. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa moto. Mtu amefunga mdomo wa mama yangu, kisha ameutundikia tangazo.

"Diski yenyewe iko wapi?" mkutubi aliuliza.

"Amebaki nayo."

"Vaa viatu, twende."

Tulimkuta mwenye duka anakunywa chai.

"Sauti ya mama yangu iko wapi?" nilimuuliza.

"Ile niliitoa. Ilikuwa mtu anagombagomba tu. Wateja wanapenda muziki."

"Wateja gani? Yule ni mama yangu. Nataka diski yangu."

"Ya nini tena, na nimeshaihamisha?"

Akainua kikombe. Diski ilikuwa chini yake, imeachiwa duara la chai.

Mkutubi alinishika mkono, kwa bahati ya yule bwana.

"Sikiliza," nilimwambia. "Mimi ni fundi kama wewe. Mteja akiniletea gauni la mama yake nilipunguze, silikati nikashona pazia, wala silibandiki jina langu kifuani. Haya, lete."

Alitaka kuifuta kwa shati lake. Nikamnyang'anya.

Nyumbani kwake mkutubi alichukua kitambaa laini, akakilowesha kwa maji safi.

"Shika diski kwa ukingo," alisema. "Futa kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka. Usizungushe kamwe. Mkwaruzo wa kuzunguka unafuata njia ya picha, unaiharibu kabisa."

Nusu ya hasira niliyokuwa nayo ilinigeukia mwenyewe.

Kompyuta yake ni ya zamani, ina nafasi ya kuingizia diski. "Nyingi za siku hizi hazina," alisema. "Mtu anaazima kisomeo kidogo cha diski, anakichomeka kwa waya."

Ndani ya diski tuliona folda yenye mafaili mengi.

"Nichukue lipi?" niliuliza.

"Yote. Nakili folda nzima kwenye kompyuta. Ukichukua moja, utapata kipande tu."

Kompyuta ilianza kunakili. Ilipofika karibu na mwisho, ikakwama. Diski ikakwaruza kwa sauti mbaya. Nilishika kiti kwa mikono miwili. Mkutubi aliitoa, akaifuta tena taratibu, akairudisha. Mara hii ilipita.

Kisha alifungua programu inayogeuza mafaili yale kuwa faili moja ambalo hata simu inalifungua.

"Sasa tutazame lote, mwanzo mpaka mwisho, tusikilize na sauti," alisema. "Kabla ya hapo usimtumie mtu, na diski usiitupe."

Tukatazama. Nikalia, nikapenga, tukaendelea. Nakala moja ilibaki kwenye kompyuta yake. Nyingine iliingia kwenye flashi, nikaiweka kwangu. Nyumba moja ikipata ajali, nyingine inayo. Hatukuituma kwenye kundi la familia, kwa sababu huko video hubanwa iwe ndogo, picha ikafifia. Tuliipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni, tukamtumia kitinda mimba kiungo cha kuifungua.

Alinipigia simu akiwa ameifungua kwenye kompyuta ya kazini. Kwa nyuma nilimsikia mama, safi kabisa, juu ya mlio wa cherehani:

"Wewe shemeji, hiyo taa yako inaniumiza macho. Weka kamera chini, mshike mtoto, nimalize gauni lake."

Kitinda mimba aliisimamisha video.

"Dada," alisema, "kumbe hizo hasira zako ni za kurithi."

"Umesikia sauti yake?"

"Nimeisikia. Ngoja, usikate simu. Namrudisha nyuma. Nataka agombe tena."