Rupia Iliyosuguliwa Mfukoni

Suruali ya Phineas Shivachi ilinuka ubani. Nekoye aliinusa mara ya pili, kando ya mto Isiukhu, povu likimchuruzika mikononi, akasonya. Mumewe alikwenda misa Mukumu kila Jumapili, sawa, lakini ubani wa misa haukai mfuko mmoja ukaacha mwingine. Miguu ya suruali ilinuka jasho na vumbi la mji kama siku zote. Ni mfuko wa kulia tu. Akaupindua nje, akakuta kitambaa kimebabuka, kana kwamba kimepigwa pasi ya moto kutoka ndani.

Hasira ikampanda palepale, maana alijua ni ile rupia.

Rupia yenyewe ilikuwa ya fedha, ya tangu babu yake Shivachi alipokuwa akibeba mizigo ya misafara ya watu wa pwani iliyofika Mumias. Upande mmoja ilikuwa na kichwa cha malkia wa Kizungu, na kukizunguka kichwa hicho kulikuwa na maandishi ya Kiarabu, membamba, yaliyochorwa na mtu kwa ncha ya sindano. Baba yake Shivachi aliifunga ndani ya ngozi ya mbuzi akaichomeka kwenye nyasi za paa, juu ya meko, na alipokuwa anakata roho alisema isishikwe ovyo. Hakueleza zaidi.

Basi mwaka wa Uhuru, Mzungu wa ofisini alipofunga virago na Shivachi akapewa kiti chake, Shivachi huyo alipanda juu ya stuli akaichomoa rupia kwenye paa. Kwani ya kununulia nini? Haikununua hata chumvi, rupia zilishakufa zamani. Aliitaka ya kuchezea. Yule Mzungu alikuwa na tabia ya kukufokea huku mkono umezama mfukoni unachezesha kitu, na Shivachi akaona ukubwa ndio huo. Kidole gumba kikawa kazini kutwa. Akingoja chai anasugua, akimkemea tarishi anasugua, padri akihubiri yeye anasugua. Funguo nazo zikasaidia. Haikupita miaka miwili malkia akawa hana pua wala taji, maandishi yakawa makovu, kisha hata makovu yakaisha. Pesa ikabaki laini pande zote mbili.

"Hiyo kitu nakwambianga kila siku urudishe kwa paa," Nekoye alimwambia jioni ile, mimba yake ya kwanza imemlemea. "Baba yako hakuwa mjinga."

"Ni chuma tu, Nekoye. Sasa tumepata Uhuru, hatutishwi na mambo ya wazee."

"Uhuru ndio ulikwambia umsumbue mtu mahali amelala?"

Shivachi akacheka, akavua suruali, akaitundika kwenye msumari, akaenda kuoga. Nekoye akabaki akimenya viazi na ghadhabu zake. Ndipo aliposikia kwaru, kwaru, kwaru. Akasimamisha kisu. Nje mumewe alikuwa anajimwagia maji na kupiga mluzi, na humu ndani hapakuwa na mtu, ila mfuko wa ile suruali ulikuwa unatetemeka kidogo pale msumarini, unafutuka na kunywea, kwaru, kwaru, kitu kikisugua kwa pupa kutoka upande wa ndani, kama mtu aliyeona ukuta umebaki mwembamba.

Hakugusa ile suruali. Alitoka nje na viazi vyake, na usiku alipomweleza mumewe, mumewe alimwambia ni mimba.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima, akaanza kulia. Hospitali ya misheni wakamtazama wakasema hana ugonjwa. Kageha, mamake Shivachi, akaja kufanya linalofanywa katika nyumba zile mtoto mchanga akilia bila sababu. Alimpakata karibu na titi la mama yake akawa anawaita wafu wa ukoo, mmoja mmoja, kwa majina. Yule anayetaka kurudi kupitia mtoto akitajwa, kilio hukoma na mtoto hunyonya, na jina huwa lake. Huitwa wafu tu. Mtu aliye hai haitwi, maana hajaenda popote hata arudi; mtoto akilipokea jina lake, mtu huyo huhesabiwa miongoni mwa wafu.

Kageha aliita mpaka sauti ikakwama. Mtoto alilia. Shivachi alikuwa ameegemea mlango, usingizi umemzidi, mkono mfukoni, na kidole kikisugua. Kinywa chake kikafunguka, likatoka jina. Jina lenyewe silitaji hapa. Nani anataka kulala nalo? Mtoto akanyamaza kwa ghafla, akashika titi.

Shangazi wakapiga vigelegele. Nekoye peke yake hakufurahi.

"Huyo ni nani kwenu?" aliuliza.

Shivachi alipepesa macho. "Hata sijui. Limekuja tu."

"Mama, unamjua?"

Kageha akatikisa kichwa. Lakini mtoto alikuwa amenyamaza, na kwao hilo lilitosha.

Halikumtosha Nekoye. Maziwa yake yakaanza kunuka ubani. Mtoto hakumtazama mama yake hata kidogo. Alimtazama Shivachi tu, mchana kutwa, kokote aendako ndani ya nyumba, na mchana mmoja jua likiwaka, Nekoye akimfunga nepi, kile kitoto cha wiki tatu kilikaza macho mlangoni baba yake alipopita, kikavuta pumzi, kikacheka kicheko kizito cha mwanamume mzima, kicheko cha mtu aliyekasirika.

Nekoye alimbeba mtoto, akamshika mume ukosi wa shati, wakaenda Mumias kwa Maalim Makokha, mzee aliyejua kuwasomea watu na majini yao. Maalim aliipokea rupia, akaipitishia kidole, akaipeleka kwenye mwanga. Uso ukambadilika.

"Hii ilikuwa kufuli," alisema polepole. "Jini aliandikwa humu akafungwa. Nani ameyafuta maandishi?"

Shivachi akainamisha kichwa. "Ilikuwa tu mfukoni, maalim."

"Mfukoni. Umemsugua uso kila siku, halafu umemfungulia, halafu umempa mtoto wako amvae. Humu hakuna tena pa kuandika, fedha imebaki kama jani. Hii nitaiyeyusha." Akamgeukia Nekoye. "Mama, jina lile mmvue mtoto. Muite tena watu wenu. Akinyamaza kwa jina la mtu wenu wa kweli, huyu atakosa pa kukaa, na mtoto atakuwa wako. Lakini bwana yako akae mbali. Hasira za jini ni kwa bwana, si kwa mtoto."

Kesho yake Kageha na shangazi wawili wakakaa tena. Nekoye akatangaza kwamba jina lile limekataliwa. Kilio kilichotoka hapo kilitikisa masufuria. Waliita wazee wa shambani, waliita waliokufa vitani, waliita hata vichanga waliozikwa bila kusherehekewa, na mtoto alizidi kukakamaa na kuwa wa moto mikononi mwa mama yake, midomo ikigeuka rangi ya majivu, pumzi ikikatika katikati ya kilio na kuchelewa kurudi, na kila ilipochelewa Nekoye alihisi amempoteza.

Mlango ukafunguliwa. Shivachi, viatu vimeng'aa, ametoka ofisini.

"Bado tu? Majirani wote wanasikia. Mnanitia aibu."

Hapo zile hasira zote, za suruali na za rupia na za kuambiwa ni mimba, zikamtoka Nekoye kwa pamoja.

"Shivachi, uliambiwa ukae mbali. Shivachi, wewe ndiwe uliyetuua."

Mtoto akanyamaza.

Akageuza kichwa, akatafuta titi, akanyonya taratibu. Joto likamtoka. Ubani ukaisha chumbani mote. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliinua macho akamtazama mama yake, na yalikuwa macho ya mtoto. Nekoye alijua amerudishiwa mwanawe. Alijua pia amelitaja jina gani, na kwamba wote wamesikia.

Kageha alimtazama mwanawe pale mlangoni. Kisha akafungua kilemba, akakiacha kianguke, akaanza kuomboleza.

"Mama, acha," Shivachi alisema. "Mimi niko hapa."

Kageha hakuacha. Shangazi mmoja akapokea kilio, na wa pili naye akapokea, wakimlilia Shivachi kwa jina lake na la baba yake, naye Shivachi amesimama mlangoni akiwaomba wanyamaze.