Idhini ya Tirto

Harufu ya sigara za karafuu ilianza siku ya tatu baada ya mazishi, wakati wa alasiri, na katika nyumba ile hakukuwahi kuwa na mvutaji ila marehemu.

Wening aliinyamazia. Alikuwa na mzigo wa kumtosha: Cangkul, maktaba ya programu za kompyuta aliyoijenga na marehemu, kaka yake Tirto, hapo hapo Yogyakarta, ilibaki mikononi mwake. Vilikuwa vipande vidogo vidogo tu vya programu, cha kupanga tarehe, cha kusafisha majina, lakini waandishi wa programu wa nchi nyingi walivichukua bure wasihangaike kuviandika upya. Tirto aliweka sharti moja: hata herufi isibadilishwe bila macho ya wawili. Mmoja aandike, mwingine aidhinishe. Na Wening hakuwa na moyo wa kulifuta jina la kaka yake kwenye orodha ya wawili hao.

Siku ya kumi alirekebisha kosa dogo, akaliacha badiliko hapo, maana wa kuidhinisha hakuwapo. Aliporudi kutoka kuswali alikuta limepitishwa. Chini yake pameandikwa: "Sawa, Dik. Kula kwanza." Ndivyo Tirto alivyomjibu miaka yote, akimwita Dik, mdogo wake.

Tangu hapo, kila alasiri, vitufe vya kompyuta vililia ndani ya chumba cha Tirto kilichofungwa, na mama yao akabeba kiti akaketi mlangoni na kikombe cha kahawa cha mwanawe, akisikiliza, akitabasamu, hali wala halali, akikonda mpaka pete ikamtoka kidoleni, na Wening alipotega sikio kwenye ubao wa mlango alisikia mtu akivuta pumzi upande wa pili, karibu kabisa na sikio lake.

Akamwita Pak Modin, msoma dua wa mtaa, akamweleza yote.

"Huyo si Tirto, Nduk, binti yangu," mzee alinong'ona. "Maiti harudi. Ni jini, limejishikiza kwenye jina mlilomwachia orodhani. Lifute jina hilo kabla arobaini haijapita, la sivyo jini litaondoka na mama yako."

"Siwezi peke yangu, Pak. Lazima mwingine aidhinishe."

"Mwingine nani?"

Wening akautazama mlango uliofungwa. Mzee akaelewa, akajipangusa jasho. "Basi muombe."

Siku ya arobaini, wageni wakisoma tahlili sebuleni na vitumbua vya apem vikipoa sahanini, aliandika badiliko lake: jina la Tirto liondolewe orodhani. Akalituma huku machozi yakimdondokea mikononi. Kule chumbani vitufe vikanyamaza. Harufu ikamjia mpaka shingoni, ikakaa. Kisha vikaanza tena, kimoja kimoja, taratibu, na chini ya badiliko lake pakatokea maneno:

"Sawa, Dik. Kula kwanza."

Harufu ikakatika. Kwenye orodha lilibaki jina la Wening tu. Kama lilikuwa jini, mbona limekubali? Mbona limemkumbusha kula?

Mlangoni kikombe kikaanguka.

"Wening," mama akaita, sauti ikitetemeka, "kaka yako ameacha kuandika. Umemfanya nini?"