Ukoo wa Kuazima

Kila asubuhi, kabla ya kufungua pazia la kibanda chake katika soko la nguo la mji wa Medan, Sondang alifanya mambo matatu kwa mpangilio uleule. Alikoroga chai ya sukari nyingi kwenye glasi, akasoma mistari michache ya Biblia yake ndogo akiwa amesimama, kisha akapasha pasi moto. Jumamosi ile ya mwezi wa tano, pasi haikuwahi kupata moto. Pazia lilifunuliwa kwa nje, na mtu akaingia kinyumenyume.

Alikuwa kijana mrefu, koti jeusi, tai ya rangi ya damu ya mzee, viatu vinang'aa. Mkono mmoja ulishika suruali kwa nyuma. Alikuwa akiwaficha watu wa sokoni aibu yake, akasahau kwamba ndani ya kibanda nako kuna mtu.

"Dada, naomba usicheke," akasema bila kugeuka.

"Sijacheka."

"Pumzi yako inacheka. Naisikia."

Suruali ilipasuka alipokuwa akishuka kwenye bajaji, na saa tatu alitakiwa asimame kanisani kando ya bwana harusi. Sondang akampa saruni ya maua makubwa ya njano, akageukia ukuta mpaka alipoambiwa tayari. Alipogeuka, kijana alikuwa amekaa kwenye stuli, tai shingoni, maua kiunoni, uso umetulia kama wa waziri. Hapo ndipo Sondang alipocheka kweli, kichwa kimeinamia cherehani ili asionekane.

Mshono haujafika nusu, kijana akauliza swali ambalo kila Mbatak, mtu wa kabila lao, huuliza kabla hata ya jina: binti wa ukoo gani? Maana ukoo ndio unaokuambia mtu uliyekutana naye ni mjomba, ni shemeji, au ni mtu unayeruhusiwa kumpenda.

"Manurung," akajibu Sondang, kama alivyojibu kwa miaka kumi na mmoja, macho yakiwa kwenye sindano.

Kijana akajipiga paja. "Na mimi ni Manurung. Maringan Manurung. Basi wewe ni ito wangu."

Ito, dada. Watu wa ukoo mmoja ni ndugu hata kama hawajawahi kuonana, na ndugu hawaoani, hata vizazi kumi vikipita. Sondang alikosea mshono, akaufumua, akaanza upya. Alipomkabidhi suruali yake, Maringan alisema kwamba tangu leo ana kaka mjini, na kaka hanunuliwi wala hauzwi. Akaandika namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo, akaondoka akitembea kwa tahadhari.

Ukweli ni kwamba Sondang hakuwa Manurung. Hakuwa na ukoo wowote. Aliachwa akiwa mtoto mchanga kwenye kituo cha watoto cha kanisa, na aliyemlea hapo, mama mmoja mnene wa sauti nzito, ndiye aliyekuwa binti Manurung. Siku ya kwanza ya chuo cha ushonaji, wasichana walikaa duara wakiulizana koo zao. Zamu yake ilipofika, ulimi uliokota jina la yule mama. Hakuna aliyeshtuka. Tangu hapo akalivaa.

*

Maringan alikuwa mpiga picha za mionzi hospitalini, na kila siku saa sita na nusu, wagonjwa wakipungua, alipiga simu.

"Ito, umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Wali."

"Na nini?"

"Na kijiko."

Maringan akicheka, Sondang alisogeza simu mbali kidogo na sikio, maana kicheko kile kilimfikia mahali ambapo kicheko cha kaka hakipaswi kufika. Maringan alimsimulia kuhusu bibi aliyekataa kuvua cheni akidai mashine itamwona maskini, na mtoto aliyeomba picha ya mifupa yake aitundike sebuleni. Siku moja alisema, "Nimeona mbavu za watu ishirini na sita leo. Wewe tu ndiye sijui una nini ndani." Sondang akasema ana kazi nyingi, akakata simu. Alikaa muda mrefu ameshika kifungo kimoja mkononi.

Mwezi wa saba, msimu wa duriani, walikaa kandokando ya barabara wakila tunda moja kwa mikono. Sondang alivaa gauni la buluu iliyopauka alilojishonea mwenyewe, nywele amezifunga kwa kitambaa. Utomvu wa tunda ulimganda shavuni. Maringan akanyoosha kidole akaufuta, kisha akaurudisha mkono wake haraka kama aliyegusa pasi. Hawakutazamana tena mpaka tunda likaisha.

Baada ya siku ile, simu zilipungua. Zikawa za Jumatatu na Alhamisi, kisha Jumatatu tu. Sondang alijiambia kijana amemchoka. Mwezi wa kumi na mbili Maringan alipiga akiwa na sauti ya mtu anayesoma tangazo. Mama yake amemtafutia mchumba, binti wa mjomba wake kule mjini Siantar; mjomba ni wa ukoo mwingine, na mila huipenda ndoa hiyo. Je, yeye kama ito wake, angemshonea huyo binti blauzi ya lesi?

Sondang alisema kazi zimejaa hadi Pasaka.

"Dada gani anayemkatalia kaka yake kitu kidogo kama hicho?"

"Basi tafuta dada mwingine," akasema, akazima simu kabisa. Siku hiyo alishona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja.

Wiki tatu baadaye, mwaka mpya umeingia, ilikuja kadi. Ukoo wa Manurung unafanya karamu yake ya mwaka mpya, Jumamosi, ukumbini. Nyuma ya kadi Maringan ameandika kwa kalamu: Njoo. Ndugu hawafungui mwaka kwa ugomvi.

Sondang aliijua karamu hiyo kwa kusikia. Mlangoni hukaa mzee mwenye daftari, na kila anayeingia hutaja tawi lake na kizazi chake tangu babu wa kwanza. Wa kumi na nne, wa kumi na sita. Jina la kuazima halina namba. La kuvunda halina ubani.

*

Jumatano baada ya mazoezi ya kwaya, alimfuata mchungaji wao, Inang Tiarma, yaani Mama Tiarma, nyuma ya nyumba ya kanisa. Alimkuta akikaanga ndizi, aproni juu ya kola ya uchungaji. Alimweleza yote, na yote hayo akiyaeleza kwa sufuria, si kwa uso wa mtu.

Mchungaji hakushtuka. Aliuliza tu, "Na miaka hiyo yote, wewe mwenyewe umejiona nani?"

Sondang akafikiri. "Wakiniita binti Manurung najiona malkia, Inang. Nikirudi chumbani najiona takataka iliyookotwa."

"Jumatatu malkia, Jumanne takataka. Si ajabu umechoka." Akageuza ndizi. "Mteja akija kwako, unamwongezea inchi ili umfurahishe?"

"Hapana. Nguo itampwaya."

"Unampunguzia?"

"Haitafunga."

"Sasa kwa nini wewe hujipimi hivyo? Mungu alikuumba kwa kipimo. Kujivimbisha ni uongo, na kujisinyaza ni uongo uleule, umevaa kilemba cha unyenyekevu tu."

Sondang aliuliza kama basi ukoo si kitu. Mchungaji akamtazama kama aliyetukanwa. "Nani kakwambia? Mimi ni binti Gultom na nitazikwa binti Gultom. Ukoo ni zawadi. Lakini siku tuliyokubatiza ukiwa na wiki sita, maji hayakusubiri ulete ukoo. Uliitwa Sondang, mtoto wa Mungu, ukalia kanisa zima likasikia. Huyo ndiye wewe. Mengine yote yanashonwa juu ya huyo."

Akampa ndizi ya moto kwenye gazeti, akamwambia ale kabla hajaenda kufanya ushujaa wowote.

*

Jumamosi Sondang alivaa blauzi ya lesi ya rangi ya zambarau na saruni ya kahawia. Begani hakuweka shali ya kifamilia, kwa kuwa hakuna familia iliyompa. Ukumbini ngoma zilikuwa zimepamba moto, na harufu ya nguruwe wa viungo ilitangulia hadi barabarani. Maringan alimpokea mlangoni. Alikuwa amekonda, lakini alitabasamu.

"Amang," akamwambia mzee wa daftari, kwa heshima ya mtoto kwa baba, "huyu ndiye ito wangu ninayewasimulia."

Mzee akaweka miwani sawa. "Tawi gani, binti? Kizazi cha ngapi?"

Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake. Sondang angeweza kutaja namba yoyote. Angeweza pia kugeuka akimbie, na miguu yake ilishaanza kulifikiria hilo. Alishika ukingo wa meza.

"Amang, mimi si Manurung," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. "Sina ukoo. Nimelelewa kituoni, na jina hili niliazima kwa mama aliyenilea, bila kumwomba. Nimewadanganya, naomba mnisamehe. Ninaitwa Sondang. Nimebatizwa, ni fundi cherehani. Ndiyo yote niliyo nayo, na sioni aibu kusimama nayo hapa."

Ngoma ziliendelea ukumbini. Bibi mmoja alinong'ona, si kwa siri sana, kwamba mtu bila ukoo ni chungu bila kitako. Sondang alisikia, akashangaa kuona maneno yale yamempita kando kama mvua inavyolipita bati. Hakujiona chungu. Hakujiona malkia pia.

Mzee alivua miwani, akaifuta. "Umekula?"

"Bado, Amang."

"Nenda ukae ule. Mgeni halali njaa kwa Manurung."

Alipogeuka kumtafuta Maringan, aliona mgongo wake tu, unatoka mlangoni. Sondang akaenda akakaa, akala sahani nzima. Alimaliza hadi punje ya mwisho, kichwa juu, akashukuru, akaondoka.

*

Siku tatu simu haikulia. Aliumia, hakuna haja ya kuficha. Kila saa sita na nusu mkono wake ulikwenda mfukoni wenyewe. Lakini aliamka, akakoroga chai, akasoma, akapasha pasi. Wateja waliomuuliza ukoo aliwaambia hana. Wengine waliguna. Wengine walimuuliza blauzi itakuwa tayari lini.

Siku ya nne, mchana, Maringan akaingia, safari hii akitanguliza uso. Sare ya hospitali imekunjamana, ndevu hazijanyolewa. Alikaa kwenye stuli bila kukaribishwa.

"Tangu mwezi wa saba nafunga kila Ijumaa," akasema. "Sili wala sinywi. Unajua namwomba Mungu nini? Aniondolee dhambi ya kumtamani ito wangu. Nimepungua kilo tano, Sondang. Nilimsihi mama anitafutie mke upesi, nisije nikauaibisha ukoo. Na wewe muda wote umekaa hapo, unashona vifungo."

Mkasi wa jirani, upande wa pili wa pazia, ulinyamaza ghafla.

Sondang hakujitetea. "Nilikukosea," akasema. "Niliona bora niwe dada yako kuliko niwe si kitu. Sikujua kwamba nakufungisha."

"Na sasa?"

"Sasa sijioni tena si kitu. Hata ukiamua kuondoka."

Maringan akakuna ndevu zake. Hasira ilikuwa ikimtoka polepole, kama hewa ndani ya tairi. Alieleza kwamba siku hizo tatu alikuwa Siantar. Binti wa mjomba alikuwa na mwanajeshi wake tangu zamani, akafurahi mno kuachwa. Mama hasemi naye, ingawa amempikia. Na mjomba yuko tayari kumpokea Sondang kama binti yake kwa mila, mbele ya wazee, apewe ukoo wake wa Pardede, usio na undugu na Manurung.

"Ulikwenda kuniombea ukoo kabla ya kuniuliza mimi?"

Maringan akatazama viatu vyake.

"Nikipewa kwa furaha, nitapokea kwa mikono miwili," Sondang akasema. "Lakini kama ni blanketi la kunifunika kwa sababu mnaona haya, sitaki. Nimeshatoka kwenye kujifunika."

"Habari zako zilifika Siantar kabla yangu," Maringan akasema. "Unajua mjomba alisema nini? 'Ni yule aliyesema ukweli mbele ya wazee? Mlete. Nina mabinti watatu waoga, nahitaji mmoja jasiri.'"

Sondang akacheka, na safari hii hakuinamisha kichwa.

"Kwa hiyo," Maringan akaanza, akiangalia roli za uzi ukutani, "nilikuwa nafikiria, yaani, mwezi wa sita likizo yangu inaanza, na ukumbi, kama wewe ratiba yako, si lazima mwezi wa sita, ila mjomba aliuliza, na mimi nikamwambia nitaulizia..."

Aliendelea hivyo, mtu aliyezoea kuona ndani ya kila mtu, akizunguka neno moja kama kuku anayetafuta mlango wa banda. Sondang alimsubiri alifikie. Hakulifikia. Akainuka, yeye ambaye kwenye kwaya husimama mstari wa nyuma, akamkabili.

"Maringan," akasema. Miezi minane hakuwahi kumwita kwa jina. "Sikutaka kuwa dada yako hata siku moja. Nakupenda. Nataka unioe."